Aliyenitoa Jukwaani Hanijui

Kwa miaka mingi niliamini kwamba asiyepanda jukwaani hana sehemu katika mchezo. Mwandishi nilimpa heshima yake kwa sababu maneno ni yake, na mwongozaji nilimvumilia kwa sababu bila yeye tungegongana. Lakini mchezo wenyewe niliuhesabu kuwa mali ya mwigizaji. Hivyo ndivyo nilivyofikiri nilipokuwa nasoma sanaa za maonyesho Dar es Salaam, na ndivyo nilivyofikiri nilipotua Berlin mwaka 2011 nikimfuata mume wangu. Nilibeba cheti changu, nakala ya tamthilia ya Kinjeketile iliyochakaa kwa mazoezi, na hakika kwamba mji wenye majumba mengi ya maonyesho namna ile hautakosa pa kuniweka.

Leo siigizi, na sijutii. Nafanya kazi ambayo wakati ule sikujua hata kama ipo. Aliyenionyesha kwamba kazi hiyo yaweza kuwa maisha ya mtu ni Mjerumani mmoja ambaye sijawahi kuzungumza naye, Matthias Lilienthal. Ushuhuda wangu ni wa jinsi kumfuatilia mtu huyu kulivyobadili swali ninaloingia nalo ukumbini.

Ujerumani ina majumba ya maonyesho ya umma yapatayo 140, yanayoendeshwa kwa fedha za miji na majimbo, na mengi yana kikosi cha kudumu cha waigizaji wanaopokea mshahara kila mwezi. Kwetu sisi tuliozoea kufanya mazoezi jioni baada ya kibarua, kisha tukachangiana nauli ya kurudi Mbagala, habari hiyo ilitosha kumkosesha mtu usingizi. Lakini mwigizaji anaishi kwa lugha, na Kijerumani changu kilikuwa cha kununulia mkate na kuulizia njia. Nikapata kazi katika jumba moja la maonyesho, chumba cha makoti. Mtazamaji anakukabidhi koti, unalitundika, unampa kibao chenye namba. Mchezo ukiisha anarudi na kibao chake. Katikati ya hapo una saa mbili tatu za kukaa, unausikia mchezo kwa mbali kupitia spika ya ukutani.

Nilijifunza lugha hapo, kwa kusikia sentensi zilezile usiku baada ya usiku mpaka zikafunguka. Nikajifunza na jambo jingine. Makoti yale yalikuwa ya watu wa aina moja: sufu nzito, skafu nzuri, umri wa wenye wajukuu. Saa nne usiku nilipopanda treni ya chini ya ardhi kurudi nyumbani, behewa lilijaa Waturuki, Wavietnamu, Waarabu, Wapolandi, Waafrika wenzangu, watu wenye sare za usafi na za ulinzi wakielekea zamu. Makoti ya watu hao sikuwahi kuyapokea. Niliona tofauti hiyo kila usiku, lakini sikuifikiria kuwa ina uhusiano wowote na sanaa. Niliona ni mambo ya mjini tu.

Jumba lile lilikuwa na mama mmoja wa makamo ambaye sikumwelewa kazi yake. Hakuigiza wala hakuongoza, ila hakuna mchezo ulioanza yeye asiwe amesimama nyuma kabisa ya ukumbi. Usiku mmoja alikuja kaunta kwangu watu walipokuwa wamekwisha kuingia.

“Leo wamekuja akina nani?” akaniuliza.

“Walewale,” nikamjibu.

Akatazama safu za makoti, akasema, “Basi bado sijafanya kazi yangu.”

Yeye alikuwa dramaturgi wa jumba. Kadiri tulivyozoeana ndivyo nilivyoelewa anachofanya. Dramaturgi husoma maandiko mapya na ya kale, hupendekeza msimu ujao uwe na michezo gani, hukata na kupanga upya matini pamoja na mwongozaji, hukaa kwenye mazoezi akiuliza maswali ambayo waliozama kazini wamesahau kuyauliza, huandika kijitabu anachopewa mtazamaji, na mara nyingine husimama mbele ya watu kuwaeleza kwa nini mchezo huu unaonyeshwa hapa na sasa. Wajerumani wana kazi hii tangu mwaka 1767, jumba la taifa la Hamburg lilipomwajiri Gotthold Ephraim Lessing awe mhakiki wake wa ndani. Katika majumba makubwa, dramaturgi mkuu ndiye fikra ya nyumba. Jina lake halipigiwi makofi, lakini bila yeye mwongozaji hajui anaongozea nini.

Mama yule ndiye aliyenitajia Lilienthal. “Ukitaka kujua kazi hii inaweza kufika wapi,” alisema, “mwangalie huyo kabla hajaondoka.” Wakati huo alikuwa akikaribia kumaliza muda wake kama mkurugenzi wa HAU, yaani Hebbel am Ufer, katika mtaa wa Kreuzberg. Nikaanza kusoma kila nilichopata juu yake, kwanza kwa kamusi, baadaye bila kamusi.

Lilienthal alizaliwa Berlin mwaka 1959. Alisoma Chuo Kikuu Huria cha Berlin, akafanya uandishi wa habari, na mwishoni mwa miaka ya 1980 akawa dramaturgi katika jumba la Basel, Uswisi. Kisha Ukuta wa Berlin ukaanguka. Upande wa mashariki wa Berlin lilikuwapo jumba la Volksbühne, lililofunguliwa mwaka 1914 kwa senti zilizochangwa na wafanyakazi wa viwandani. Baada ya nchi kuungana hakuna aliyejua lifanyiwe nini. Mhakiki Ivan Nagel aliushauri mji ulitoe kwa kikosi cha vijana na kukipa miaka mitatu: ama watapata jina, ama watakufa. Mwaka 1992 Frank Castorf akakabidhiwa ukurugenzi, na Lilienthal akawa dramaturgi wake mkuu hadi 1998. Kufikia mwaka 1993 tu, wahakiki walilitangaza Volksbühne kuwa jumba bora la mwaka.

Kilichonikamata katika kipindi hicho ni habari ya Christoph Schlingensief. Alikuwa mtengenezaji wa filamu zenye kelele na fujo, mtu ambaye jumba lenye adabu zake lisingemfungulia mlango. Lilienthal alimwita aje aongoze mchezo, ingawa hakuwa na uzoefu wa jukwaa, na mwaka 1993 kazi yake ya kwanza ikaonyeshwa Volksbühne. Kutoka hapo Schlingensief akawa mmoja wa wasanii waliozungumzwa zaidi nchini mwao, na mwaka 2010, miezi michache kabla hajafa, akaweka jiwe la msingi la Kijiji cha Opera karibu na Ouagadougou, Burkina Faso, kwa ramani za msanifu majengo Francis Kéré. Mimi niliyeamini kwamba sanaa huanzia mwigizaji anapofungua kinywa, nilijikuta nafuata nyuzi kutoka shule ya kijiji kile cha Burkina Faso hadi ofisi moja ya Berlin, ambako mtu fulani alikuwa amesema: mwiteni huyu.

Si kila walichofanya pamoja kilinipendeza. Mwaka 2000, katika tamasha la Vienna, Schlingensief aliweka makontena kando ya jumba la opera, akawaingiza watu waliotambulishwa kama waomba hifadhi, na umma ukapiga kura nani afukuzwe nchini kwanza. Lilienthal alishiriki kama dramaturgi. Shabaha ilikuwa kukejeli siasa za chama cha mrengo wa kulia kilichokuwa kimeingia serikalini Austria. Naielewa shabaha hiyo. Lakini mimi niliyewahi kukaa kwenye foleni ya idara ya wageni nikiwa na mafaili kifuani, siwezi kuicheka kejeli ile kama anavyoicheka mwenye pasipoti ya hapo. Nayataja haya kwa sababu kubadilika kwangu hakukuwa kumwabudu mtu. Hata kubishana naye kimoyomoyo kulinifundisha: nilianza kuuliza nani analipa gharama ya wazo zuri.

HAU ndiko nilikoelewa zaidi. Mwaka 2003 mji uliunganisha kumbi tatu zilizo jirani, mojawapo ikiwa ukumbi wa Hebbel wa mwaka 1908, ukampa Lilienthal. Hapakuwa na kikosi cha kudumu cha waigizaji. Mtu mwingine angelia kwamba amepewa nyumba tupu. Yeye aliuchukua utupu huo kuwa ruhusa: kama hakuna waigizaji wa kulishwa kila mwezi, basi yeyote anaweza kualikwa. Wakaja wacheza dansi, wanamuziki, watafiti, makundi huru yasiyo na jumba. Kundi la Rimini Protokoll, ambalo huwapandisha jukwaani watu wa kawaida wakieleza maisha yao wenyewe, lilipata makao hapo. Mwaka 2008, ukumbi wa Hebbel ulipotimiza miaka 100, kundi hilo lilipandisha wakazi 100 wa Berlin waliochaguliwa kufuata takwimu za mji: umri, jinsia, mtaa, hali ya ndoa, uraia. Kila mmoja aliwakilisha asilimia moja ya wakazi. Shermin Langhoff, mzaliwa wa Uturuki, alipewa nafasi HAU kuandaa tamasha la wasanii waliotoka katika familia za wahamiaji. Mwaka 2008 akafungua jumba lake, Ballhaus Naunynstraße, na mwaka 2013 akaanza kuongoza Maxim Gorki, mojawapo ya majumba ya umma ya mji. Abiria wa treni yangu ya usiku, au tuseme watoto wao, walikuwa wameanza kuingia kwa mlango wa mbele.

Wahakiki waliitangaza HAU kuwa jumba bora la mwaka mara mbili, 2004 na 2012. Lakini sikuvutwa na tuzo. Nilivutwa na utaratibu mmoja alioubuni Lilienthal alipoandaa tamasha la Theater der Welt mwaka 2002, ukaanzia Duisburg, mji wa viwanda vya chuma. Unaitwa X Wohnungen, yaani nyumba kadhaa. Mtazamaji hanunui kiti. Anapewa ramani, anaunganishwa na mwenzake mmoja, na wawili hao wanatembea mtaani wakiingia nyumba baada ya nyumba. Kila nyumba ina watu wanaoishi humo kweli, na msanii aliyetengeneza humo kitu cha dakika kama kumi: mchezo, wimbo, mazungumzo, au ukimya tu. Wakitoka hao, wawili wengine wanabisha hodi. Utaratibu huo ulisafiri miji mingi. Mwaka 2010 ulifika Johannesburg, katika mtaa wa Hillbrow na kule Kliptown, Soweto.

Nilipousoma utaratibu huu nilikumbuka jambo nililofundishwa chuoni nikalisahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji, wakasikiliza yanayowasumbua, na mchezo ukazaliwa kutokana na mimba za wasichana wa shule, jambo lililosemwa na wanakijiji wenyewe. Tulisoma habari hizo kama sura ya historia ya sanaa kwa ajili ya maendeleo, tukajibu mtihani, tukarudi kugombea kuwa Kinjeketile. Haikunijia kwamba wale walimu wetu, walipoamua waende wapi, wakae na nani na wasikilize nini kabla ya kuandika neno, walikuwa wakifanya sanaa kamili. Ilibidi niende hadi Berlin nikaone kazi hiyo ikiwa na cheo, mkataba na mshahara ndipo niitambue ilivyofanywa kwetu bila hata kimoja cha hivyo. Hata yule aliyeandika Kinjeketile, Ebrahim Hussein, alikuwa ameufikia mji huo zamani: shahada yake ya uzamivu kuhusu maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki aliipata katika miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin ya Mashariki. Kitabu chake nilikuwa nacho begani, na yeye mwenyewe alikuwa amenitangulia.

Juni 2012 Lilienthal aliaga HAU kwa onyesho la saa 24, lililotokana na riwaya nene ya Mmarekani David Foster Wallace. Watazamaji walisombwa kwa mabasi kutoka sehemu moja hadi nyingine upande wa magharibi wa mji. Sehemu mojawapo ilikuwa klabu ya tenisi. Nilikwenda. Vipande vingine vilinichosha, vingine sikuvielewa kabisa, na alfajiri nililala nimeegemea kioo cha basi pamoja na abiria wenzangu. Lakini wakati ule ndipo nilipojua kwamba sitatafuta tena nafasi ya kuigiza. Nilikuwa nimekaa usiku kucha nikimtafuta mtengenezaji wa kile kitu. Kila kituo kilikuwa na mwongozaji wake na waigizaji wake, kila mmoja na ladha yake. Aliyefanya vyote viwe safari moja hakuonekana popote, nami nikataka kuwa yeye.

Haikutokea mara moja. Nilibaki kwenye makoti muda mrefu, nikisoma, nikihudhuria mihadhara ya bure, nikimsaidia yule mama kupitia maandiko kutoka Afrika. Hatimaye kundi moja dogo la wasanii huru likanichukua niwatafutie habari. Walikuwa wanatengeneza mchezo juu ya wafanya usafi wa maofisini, na walitaka mwigizaji mmoja Mwafrika amwigize mama wa usafi. Nadhani walitegemea nitasema, nipeni mimi. Badala yake nikauliza, “Hao wenyewe wataliona lini onyesho hili?” Ratiba ilisema saa mbili usiku. Watu wanaoamka saa tisa usiku kwenda kufagia maofisi hawawezi kuja ukumbini saa mbili usiku. Tukabishana. Mwishowe onyesho likawekwa saa tano asubuhi, muda ambao zamu ya alfajiri imekwisha, na chai ikaandaliwa. Wakaja na mifuko yao ya kazi. Baada ya hapo walituambia waziwazi ni wapi mchezo ulidanganya: hakuna mfanya usafi anayeimba akiwa na ndoo, kwa sababu mashine inapiga kelele. Sehemu hiyo tukaiondoa, na mchezo ukawa bora kuliko ulivyokuwa.

Hiyo ndiyo kazi yangu sasa. Naamua pamoja na wenzangu saa ya onyesho, mahali pake, lugha yake, bei ya tiketi, na nani aalikwe kuliambia kwamba linadanganya. Zamani mambo hayo niliyaita mambo ya ofisini. Leo najua kwamba mchezo uliowekwa saa mbili usiku na mchezo huohuo uliowekwa saa tano asubuhi ni michezo miwili.

Lilienthal mwenyewe aliendelea mbele. Baada ya HAU alikwenda Beirut kufundisha wasanii vijana, akaandaa Theater der Welt ya Mannheim mwaka 2014, na mwaka 2015 akakabidhiwa Kammerspiele ya München. Huko aliwaalika wasanii wa Syria waliokuwa uhamishoni wajenge kikosi ndani ya jumba, akaleta waongozaji kutoka nchi nyingi. München haikumpokea kwa urahisi. Mwaka 2016 waigizaji wa kike watatu waliopendwa sana walitangaza kuondoka, na magazeti yakauliza kama mwigizaji bado ana thamani katika nyumba ya mtu wa aina yake. Mwaka 2018 chama cha CSU katika baraza la mji kikasema hakitaunga mkono mkataba wake uongezwe, naye akatangaza kwamba ataondoka 2020. Mwaka 2019 wahakiki wakaichagua Kammerspiele kuwa jumba bora la mwaka.

Ugomvi ule wa München niliufuatilia kama mtu anayesikia kesi ya ndugu yake, kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa ndani yangu. Mwigizaji niliyekuwa alisema: hawa wana haki, usitufanye samani ya mawazo yako. Dramaturgi ninayejifunza kuwa alisema: nyumba ya umma haiwezi kuwa ya waliozoea kuja peke yao. Sikupata upande wa kuangukia, na sasa naona si lazima. Ninapokaa kwenye mazoezi namkumbuka yule mwigizaji. Najua uchungu wa kupewa mstari uliokatwa bila maelezo, kwa hiyo kabla sijakata mstari wa mtu nakaa naye, nampa sababu, namsikiliza. Hilo sikujifunza kwa Lilienthal. Nililipata kwa miaka yangu ya jukwaani, ambayo haikupotea bure. Mwaka 2025 Berlin ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2026/27 Lilienthal ndiye atakayeiongoza Volksbühne, nyumba ileile aliyoanzia kupata jina, safari hii akiwa mkurugenzi. Natarajia atafungua milango mipya. Natarajia pia kubishana naye.

Nikija Dar es Salaam, vijana wa makundi ya sanaa huniuliza, “Dada, sasa wewe kazi yako ni ipi hasa?” Zamani ningeona aibu kujibu, maana sina picha jukwaani ya kuwaonyesha. Siku hizi nawauliza mchezo wao utaonyeshwa wapi, saa ngapi, na nani hataweza kuja. Mara nyingi kunakuwa kimya, kisha mmoja anasema, “Wazazi wetu.” Mwingine anasema bodaboda, kwa sababu saa ya mchezo ndiyo saa ya abiria. Nawaambia basi msimu huu mmoja wenu asichukue nafasi ya kuigiza. Apewe daftari na nauli, awafuate hao wasioweza kuja, na atakachorudi nacho kiwe na nguvu ya kubadilisha saa, mahali, hata mchezo wenyewe. Na posho yake iwe sawa na ya mwigizaji mkuu. Hapo kwenye posho ndipo ubishi unapoanzia, na siondoki mpaka tumeumaliza.